Disketi ya Paskali na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Nyie chekeni tu, aibu hii nimeshaizoea, siku hizi naiona kwa mbali kama ndoto ya mchana. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kanisa Nyakasimbi, na rafiki yangu Paskali alikuwa ofisi kama hiyo kule Mabira, kila mmoja na kompyuta yake kuukuu ya kutegemea jenereta. Tukawa tunatunga wimbo wa kumsifu baba yake Adelina, mchumba wangu, uimbwe siku ya kupeleka mahari: yeye anarekebisha nakala yake, mimi yangu, disketi zinasafiri kwa lori la kahawa.

Sasa mimi (ujana maji ya moto!) nikaandika ubeti wa pili kwa utani tu, nicheke peke yangu: “Ng'ombe wa mzee wamekonda, tumbo lake ndilo limenona.” Paskali akaufuta kwenye nakala yake, akanitumia disketi na ujumbe: “Chukua hii ya Mabira. Hiyo yako achana nayo, utakosa mke.”

Nikaichomeka, nikainakili, nikaona jina la nakala yake limekaa vizuri chini ya jina la nakala yangu, roho ikatulia. Nje ukungu umelala migombani, maua ya kahawa yananukia, nami kwa kuota tu namwona Adelina anakuja taratibu ndani ya ukungu ule, hana haraka, mara mwenye jenereta akapaza sauti, “Nazima!” Nikachapa haraka haraka. Kumbe kuileta nakala ya Mabira si kuifungua, kwenye kioo ilikuwa bado ile yangu.

Siku ya mahari, ukweni, nikawagawia kwaya na wazee karatasi bila kusoma. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili kwaya ikauimba kwa sauti zote nne, besi wakirudia “limenona, limenona.” Adelina alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nikajua nimeshamkosa.

Mzee akainua karatasi. “Kijana, ng'ombe wangu walikuja kwako kushtaki njaa?”

“Shikamoo, baba.” (Nilikuwa nimeshamwamkia tayari.)

“Marahaba. Basi ongeza mmoja mnono, aje awafundishe wenzake kula.”

Mashangazi wakapasuka kwa kicheko na vigelegele, nami nikauza baiskeli yangu nikamleta huyo ng'ombe. Tangu hapo sichapi hata jina langu kabla ya kusoma kilicho mbele yangu. Ila kuota sijaacha, na Adelina akiniona nimetulia naangalia ukungu, huniuliza, “Baba Koku, leo umefungua nakala ipi?”