Malta na Kibao cha Kisukuma

Shuleni kwetu Geita, ukinaswa unasema Kisukuma unavalishwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Jumatatu nilimsalimia mpishi wa shule, "Mwangaluka, mayu," nikavalishwa.

Siku hiyohiyo nilinunua karanga getini, zimefungwa kwa karatasi ya kitabu cha zamani cha historia. Nikasoma habari za kisiwa cha Malta. Waarabu waliwaachia watu wa huko lugha. Baadaye wakatawala wafalme wa Sisilia, kisha wapiganaji wa msalaba, na maandishi ya wakubwa yakawa Kilatini na Kitaliano. Wakulima hawakujali, waliendelea kuongea lugha yao.

Jumatano rafiki yangu alijisahau, akaniita kwa Kisukuma pale bombani. Akaziba mdomo.

"Haya, nivalishe basi," akasema, machozi yanamlengalenga.

"Chota maji twende," nikamwambia.

Ijumaa mwalimu wa zamu akanisimamisha mbele ya mstari. "Wiki nzima hujasikia hata mmoja?"

Mimi huwa naona haya hata kuitika jina langu. Lakini nilijibu, "Nimesikia wengi, mwalimu. Simvalishi mtu. Malta wamebadilishiwa watawala mara ngapi, na lugha yao bado wanayo."

"Malta ndiyo wapi, huko nyuma ya Katoro?"

Mstari mzima ukacheka. Nikala fimbo nne, kibao nikabaki nacho.

Jumatatu nikapita jikoni, kinaning'inia kifuani, nikasema kwa sauti, "Mwangaluka, mayu!"