Mbegu Yenye Hataza

Kuna gugu ambalo sisi Waluo tunaliita kayongo. Ua lake ni la zambarau, zuri hata la kuwekwa mezani, na mimi nimelichukia maisha yangu yote ya ndoa. Halishindani na mahindi juu ya ardhi kama magugu yenye adabu. Linajishika kwenye mizizi huko chini na kunyonya, na ukija kuliona limechanua, mahindi yako yameshaliwa. Shamba la mama mkwe wangu, upande wa Kosele, lilikuwa limetekwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunavuna mabua.

Shemeji yangu mkubwa alikuwa amenunua ardhi Uriri. Akasema mama ahamie kwake, hapa pamekufa. Alikuwa na nia njema ila ni mtu wa haraka, na alishazungumza na mwenye lori. Mama alikuwa mjane. Kaburi la mumewe lilikuwa mbele ya nyumba, na kwetu mjane haachi boma la mumewe akaenda kulala kwa mtoto wake. Hakubishana. Alisema tu, "Wacha nipande hii mvua moja. Ikikataa, nitaenda." Nilimwonea uchungu, maana nilijua hatadumu huko.

Hapo ndipo alipokuja Daktari. Si wa hospitali, bali mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke wa rika langu. Yeye na wenzake walikuwa wamepata mahindi yanayovumilia dawa ya kuua magugu, kisha wakaipaka dawa hiyo kwenye mbegu yenyewe. Kayongo likija kunyonya mzizi, linanyonya sumu. Aliponieleza nilipiga makofi. Miaka yote sisi tulikuwa tunang'oa tukiwa tumeshachelewa, kumbe kuna watu walikuwa wamekaa mahali wakifikiria jinsi ya kumtilia mwizi sumu kwenye chakula anachokuja kuiba. Akili ya namna hiyo naistahi mpaka leo.

Daktari alizaliwa Pwani na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kuliko chetu sote. Hilo ndilo lililotuponza. Alimwonyesha mama zile mbegu za rangi ya waridi, akasema, "Mbegu hii ina hataza, mama, kwa hiyo tafadhali usiwagawie majirani."

Mama akarudisha mkono nyuma. "Tasa?"

"Ndiyo, hataza."

"Na unaniletea mimi?"

"Ndiyo, mama," Daktari akatabasamu. "Tumekuchagua wewe."

Mama akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sikio la Kiluo husikia z kama s, na neno tasa alilijua vizuri, maana kanisani husomwa habari za wanawake tasa wakilia. Na kwetu mama wa boma ndiye anayefungua upanzi. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Kabla hajapanda yeye, hakuna mke wa mwanawe anayethubutu kutia hata punje ardhini. Sasa afungue msimu kwa mbegu tasa, katika mvua yake ya mwisho? Angekuwa amelilaani boma zima, sisi, watoto na kuku.

Daktari alibaki na pakiti yake mkononi, uso umemshuka. Mimi nilipong'amua kilichotokea nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda kubisha.

"Mama, si tasa. Amesema hataza."

"Hiyo hataza ni kitu gani?"

Mwalimu mzima wa chekechea, nami sikujua. Ikabidi Daktari asogee aelezee kupitia mlango. "Mtu akibuni kitu ambacho hakikuwepo, mama, serikali inaandika kwamba yeye ndiye wa kwanza. Mwingine hawezi kukitengeneza mpaka yeye amruhusu."

Mlango ukafunguka kidogo.

"Hakuna mtu anaweza kumpita?"

"Hakuna."

"Hata kama ni tajiri?"

"Hata kama ni tajiri."

"Basi hiyo ni golo kodhi," mama akasema kwa hasira, kana kwamba sisi ndio wazito wa kuelewa. "Si mngesema tu! Na huyo wa kwanza ni nani?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Tuko kadhaa, mama. Na mimi nimo."

"Wewe, nyathina?" Yaani, wewe mwanangu? Mama akatoka nje, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu niolewe sikuwahi kumwona akimpa mtu wa umri wetu heshima hiyo. Nilijivunia yule mwanamke utadhani nimemzaa mimi.

Kesho yake mama alipanda wa kwanza, nasi tukafuata. Daktari aliweka beseni na sabuni kando ya shamba, kwa sababu mkono ulioshika mbegu ile ukigusa maharagwe bila kunawa, maharagwe yanakufa. Mama akawa askari wa beseni. Hata mchungaji aliyepita kusalimia alinawishwa.

Sitadanganya kwamba kayongo lilikwisha. Pembeni lilichanua kidogo, na Daktari aliling'oa akinung'unika kama mmoja wetu. Lakini katikati mahindi yalisimama, ya kijani kibichi, marefu kunipita. Mama alikuwa akienda asubuhi kusimama tu humo ndani, nami nilimwacha.

Tulikuwa tumeshavuna shemeji alipofika na lori. Hakuwa ameuliza lolote, alikuja tu kutimiza alichosema. Mama akamwacha arudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Umekuja vizuri," akamwambia. "Huko Uriri wajukuu wangu wanakula nini?"

Mama akamwonyesha magunia yaliyopangwa ukutani, akamsimamia akipakia mojamoja. Lori likaondoka na mahindi, na kitanda cha mama kikabaki pale kilipokuwa.