Kanuni ya Tisa

Sajini wa ratiba walimwita Mizani, na mwenyewe alilivaa jina hilo kama cheo. Miaka kumi na mmoja alipanga mafunzo ya kombania nne kwa penseli na kifutio: nani kwata, nani shabaha, nani matembezi marefu. Ukimlalamikia, anakukata kauli: "Ratiba haina rafiki, bwana."

Basi ikaletwa kompyuta ndogo, ya kubebwa kwapani, pamoja na koplo mmoja, msichana, wa kuifundisha kazi. "Afande, nipe kanuni zako, zile za kichwani," akasema. Sajini akafurahi, nani asiyependa kuulizwa? Akamwaga zote nane. Shabaha isifuate siku ya matembezi marefu, mikono hutetemeka. Darasa lisipangwe baada ya chakula cha mchana, watu husinzia. Na kadhalika.

Siku ya kumwonyesha meja, koplo aliweka ratiba ya mashine kando ya zile za zamani. Mpwa wa sajini, mkufunzi wa Kombania ya Tatu, naye alikuwepo. Kombania hiyo ndiyo iliyochukua kombe la shabaha miaka minne mfululizo, na kwa kombe hilo kijana alipandishwa cheo.

"Zinafanana karibu kote," koplo akasema. "Ila hapa kwenye shabaha. Mashine inagawa asubuhi kwa zamu. Wewe, afande, miaka minne hii asubuhi zote umewapa Kombania ya Tatu, kabla upepo haujaanza kupotosha risasi. Kuna kanuni ya tisa hukunipa?" Aliuliza kwa nia safi kabisa, maskini, kalamu mkononi.

Loo! Sajini alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwahi kujiambia kwamba anapendelea. Kila wiki penseli ilikwenda yenyewe kwenye kisanduku kile cha asubuhi, naye akaiacha iende. Angeweza kusema imetokea tu. Meja angekubali, meja alitaka kwenda kula. Lakini mpwa wake alikuwa akimtazama, akisubiri ajitetee, akimwamini.

"Ipo," akasema. "Ni mtoto wa dada yangu."

Koplo aliacha kuandika. Meja akakohoa. Aibu ilimpanda sajini mpaka masikioni, asijue mikono aiweke wapi.

Mpwa akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia: "Mjomba, kwa hiyo mimi sijui kufundisha?"

Sajini akazitazama ratiba zake za zamani. Miaka minne hakuwahi kuwapanga kwenye upepo hata siku moja, na kwa kweli hakujua kama kijana anajua kufundisha au la.