Pampu ya Lori kwenye Pikapu ya Costancia

Wanaosema Costancia alipewa lile gari waje waniambie mimi, usoni. Hakupewa. Nilikuwepo, tena aliyekaribia kumnyang'anyisha ni mimi mwenyewe, Simoni fundi, Mnyamwezi mwenye mdomo usio na breki.

Costancia ni Msagara wa Masanze. Usichana wake aliumalizia Kimamba kwenye mkonge, na mashine ya kuchakata majani ikamvunja mkono wa kushoto. Mkono ukaunga vibaya, mpaka leo hauinuki kupita bega. Msimamizi akamwambia arudi kwao akapumzike. "Nipumzike, kwani nimekufa?" akamjibu, akaenda kulima vitunguu. Akaolewa na Elia, dereva, Msagara mwenzake, wakalima wote. Ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipoingia na magari makuukuu yakaanza kushushwa bandarini kama mitumba, nao wakajikamua wakanunua pikapu. Elia akamfundisha kuendesha kwenye barabara za mashamba. Shida ilikuwa steringi. Ile pampu ya oili inayomsaidia dereva kukata kona ilikuwa imechoka, na gari likijaa mzigo unakata kona kwa mabavu. Elia alikuwa nayo mabavu, kwa hiyo hakujali.

Mwaka tisini na tatu malaria ikamchukua Elia ndani ya wiki moja.

Sasa, sisi Wanyamwezi na Wasagara ni watani. Msibani mtani ndiye mchimba kaburi, ndiye mzuia jeneza, ndiye wa kuwachekesha wafiwa, na haruhusiwi mtu kumkasirikia. Nikafanya kazi yangu. Nilivaa kofia ya marehemu, nikatembea kwa mwendo wake, nikajilaza njiani jeneza lisipite. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Basi nikanogewa! Nikapanda nyuma ya pikapu nikapaza sauti: "Sikilizeni! Siku ya arobaini mjane ataligeuza gari hili hapa hapa uani, limejaa mahindi, kwa mkono wake mmoja na nusu! Akishindwa, Cornel achukue!"

Cornel ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Alisimama akasema taratibu, "Mtani amesema. Na neno la mtani msibani halirudi." Wazee wakaitikia. Kwa Wasagara, mali ya mume hurudi upande wa mama yake, na walikuwa wanatafuta tu pa kuanzia. Nami mpumbavu nikawafungulia mlango. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumeza ugali wa msiba.

Matanga yalipokwisha, Costancia akaja gereji kwangu Kilosa. Alikuja na gari, analiendesha mwenyewe, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kidevu.

"Mtani, umenifunga kamba," akasema. "Sasa ifungue."

"Nisamehe, mtani. Nitakwenda kwa wazee niwaambie ulikuwa mzaha."

"Thubutu! Ukienda kuniombea, nitakutangaza Kilosa nzima. Babu zako walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, wewe pampu tu inakushinda? Nusu ya gari hili ni vitunguu vyangu. Mimi siombi. Tengeneza steringi."

Nikaenda Morogoro kutafuta pampu mpya. Wakati ule maduka yalikuwa yamejaa, hukosi kitu, hata uongo ulikuwa umefungwa kwenye boksi. Nikauziwa pampu inayong'aa. Nilipoifunga ikalia kama mbuzi, na usukani ukabaki mzito vile vile. Nikaikwangua kwa kisu, kumbe chini ya rangi ni kutu tupu. Niliwatukana wale watu mpaka sauti ikakauka, lakini siku nazo zilikuwa zinakwenda.

Costancia hakutukana. Alikuwa amesikia kwamba Mikumi kuna lori lililopinduka dereva akimkwepa nyati, na mwenyewe analiuza vipande vipande. Akanipeleka. Tukasimama mbele ya lile skrepa, akauliza, "Hili la tani saba lilikuwa linageuzwa na nini?"

"Na pampu yake, ile pale. Lakini mtani, hiyo ni kubwa. Kwenye injini yako haina pa kukaa."

"Itengenezee pa kukaa."

Ebo! Mwanamke anakuamuru kama vile chuma ni unga wa kukanda. Lakini nilikuwa na deni la mdomo, ningesema nini? Nilikata vipande vya chuma cha trela bovu, nikachomelea kishikio, nikakivunja, nikachomelea tena. Nikatafuta mkanda unaofaa. Kila siku alikuja kushika taa, kunikabidhi spana na kunisimanga ukoo wangu mzima. Zikiwa zimebaki siku tano tukawasha. Usukani ukalegea mkononi, nikapiga ukelele wa furaha. Hata sijaufunga mdomo, paa! Mpira wa oili ukapasuka. Nguvu za pampu ya lori zilikuwa zimeushinda. Oili ikatapakaa, kanga yake yote ikaloa.

Hapo nilitupa spana chini. "Basi. Imeshindikana. Mwachie Cornel, yaishe."

Akaiokota, akaifuta kwa ile kanga iliyoharibika, akanirudishia mkononi. "Uliopasuka ni mpira, Simoni, siyo mimi."

Siku ile hakuniita mtani. Aliniita jina langu, macho makavu, na mimi nikaogopa kuliko kama angenitukana.

Akaenda Kidodi kwa Melkizedek, fundi wa matrekta ya miwa. Siku mbili baadaye alirudi na mpira mnene wenye nyaya ndani yake, ule unaonyanyua trela la miwa. Nikaufunga. Haukupasuka.

Siku ya arobaini, baada ya sala, Cornel alipakia magunia kwa mikono yake mwenyewe, akajaza mpaka springi zikalala. Ua ulikuwa mwembamba, huku jiko, huku ghala. Mama wa Elia na Cornel, bibi Raheli, alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Tangu mazishi hakuwa amesema neno juu ya gari.

Costancia akaingia, akawasha. Mkono mbovu ukakaa chini kwenye gia, mzima ukashika usukani. Pampu ikaunguruma. Nasema kweli, nilitubu dhambi zote. Matairi yakajigeuza pale pale yalipo, yakichimba udongo. Nyuma, mbele, nyuma tena. Gari likageuka, likaelekea njiani. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa kwa upande wa pili!" Cornel akafoka.

Akaligeuza kwa upande wa pili.

"Tena!"

Costancia akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, ungetaka dereva wa kukuzungusha uani ungesema mapema. Mimi nina mzigo wa kupeleka Mikumi."

Watu wakaangua kicheko. Cornel akamgeukia bibi Raheli. "Sawa, ameligeuza. Lakini mali ni ya tumbo lako, mama. Wewe ndiye wa kusema. Sema!"

Bibi Raheli akainuka polepole, akakung'uta kanga yake, akatembea mpaka kwenye gari. Akafungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa kando ya mkwewe, akaufunga kwa kishindo.

"Washa, mwanangu," akasema. "Tutachelewa soko."

Cornel akasogea dirishani. "Sasa mimi, mama? Nikae wapi?"

"Nyuma," akamwambia. "Si umepakia mwenyewe? Kakalie magunia yako."

Cornel akapanda.