Mkono Ambao Rukia Hakuuchora

Nakumbuka siku moja ya Shaabani, miaka ya themanini, nimesimama uani kwetu Malindi na ndoo ya chokaa, nimenuna. Mfungo ulikuwa unabisha hodi, na nyumba isiyopakwa chokaa kabla ya mfungo ilimtia aibu mwenyewe. Nami, mwanangu, nilikuwa na aibu nyingine juu ya hiyo.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempeleka binti yangu Rukia kuandikishwa darasa la kwanza. Siku hizo mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, amekomaa, usipofika, arudi nyumbani. Rukia alikuwa ameng'ang'ania buibui langu kwa mkono wa kulia, hataki kuliachia, basi mwalimu akamwinua ule wa kushoto. Ukaishia njiani. Mwalimu akasema, kwa upole tu, nimrudishe mwakani. Kina mama waliokuwa kwenye foleni hawakuwa na upole huo. Walinong'onezana kwamba watoto wa miezi saba akili zao hazijai, na maneno yale nikayabeba mpaka nyumbani.

Kweli Rukia alizaliwa wa miezi saba, tukamlea kwa pamba na dua. Tangu hapo hakuachiwa kufanya lolote. Mimi nilimvisha, shangazi zake walimlisha, na baba yake, akirudi kutoka kwenye kazi ya chumvi Marereni, hakumwacha akanyage chini. Shughuli yake ilikuwa moja, kuchora watu ukutani kwa kaa la jikoni. Na siku ile, kwa hasira zangu, nikaanza kupaka ukuta huo huo.

Mavyaa wangu, Bi Zena, mama yake mume wangu, alikuwa ameketi akichambua mchele. Hakuwa mtu wa kupayuka. Aliniita jina mara moja tu, nikaiweka brashi. Akaniambia niiname, nitazame kuanzia chini kwenda juu.

Chini kabisa palikuwa na mikwaruzo mitupu. Juu kidogo, duara. Juu yake, duara lenye miguu. Halafu macho, kisha kiwiliwili, na pale Rukia alipofikia kwa urefu mwaka ule, mtu kamili mwenye kanga, vipuli na vidole vitano. Loo, niliduwaa. Mtoto niliyeambiwa hana akili alikuwa akikua ukutani mbele ya macho yangu, nami nimeshika chokaa kumfuta.

"Akili anayo, waiona," Bi Zena akasema. "Sasa niambie, mkono wa pili wa watu hawa uko wapi?"

Haukuwapo. Wote, tangu alipoanza kuwapa mikono, walikuwa na mmoja. Nikamwita Rukia, nikamtia kikombe katika mkono wa kushoto, ule ule ulioishia njiani shuleni. Kikamponyoka. Mwanangu, nililia. Tulimfanyia kila kitu, hata hatukujua kwamba mkono wake mmoja ni dhaifu.

Tukampeleka hospitali, tukafunzwa kuunyoosha na kuuchezesha, na Bi Zena akapiga marufuku mtu kumvisha wala kumlisha. Rukia alidekadeka, akamwaga uji, tukamwacha amwage. Ukuta haukupakwa mfungo ule, na wageni walisema walivyosema. Mwaka uliofuata Rukia akaingia darasani.

Mkono haukupona wote, sikudanganyi. Lakini siku moja nilimkuta amechora mtu wa mikono miwili, mmoja mfupi, mwembamba. Nikamuuliza mbona hailingani.

"Huo ndio wangu," akasema, akaendelea kuchora.

Basi wewe unayelea mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, usimpime kwa mtoto wa jirani. Mpime kwa alivyokuwa mwezi uliopita. Mwache ajivishe, amwage, achafue. Akichora, keti naye utazame alichokiweka na alichokiacha, na ukiona kasoro usiifunike kwa haya. Mpeleke akatazamwe mapema. Mola akukuzie mwanao, akupe macho ya kumwona alivyo na subira ya kumngojea. Amina.