Kuchuma Mablanketi

Watu wakikutana baada ya miaka mingi hupenda kusema kwamba shule iliwajenga. Mimi shule niliyosoma, katikati ya mashamba ya chai upande wa Silibwet, ilinijenga hasira, na sioni haya kusema hivyo. Wenzangu walitoka pale na vyeti. Mimi nilitoka na cheti na mtu wa kumchukia.

Alikuwa kidato cha tatu nilipoingia cha kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yake alikuwa na duka Sotik na ng'ombe wa gredi, naye mwenyewe alikuwa kiranja wa bweni letu. Siku ya kwanza alitupanga mstari sisi wageni, mamono kama tulivyoitwa, akamuuliza kila mmoja anatoka wapi na anataka kuwa nani. Mmoja akasema nesi, mwingine wakili. Zamu yangu ilipofika nikasema natoka kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai kule Kericho, na kwamba nataka kuwa mwalimu.

"Mtoto wa laini?" akasema. "Wewe majani inakungoja, mono. Si uanze mazoezi mapema?"

Mazoezi yenyewe yalikuwa Jumamosi mchana, tukishamaliza usafi, mvua ikitufungia ndani. Alinifunga kapu la nguo chafu mgongoni kwa mshipi. Akalaza mti wa ufagio juu ya kitanda, vile wachumaji wanavyolaza fimbo juu ya michai ili wachume kwa usawa. Kazi yangu ilikuwa kupita kitanda baada ya kitanda nikichuma manyoya ya mablanketi kwa mikono miwili na kuyatupa kapuni nyuma ya bega. Yeye alikuwa supavaisa. Alichungulia ndani ya kapu na kukunja pua.

"Hii ni majani mbovu. Rudia kutoka mwanzo."

Bweni zima lilicheka. Hayo pengine ningeyasahau, maana kila mono alikuwa na lake. Jirani yangu alifanywa redio, akawa anasoma taarifa ya habari akiwa ndani ya kabati. Nisilolisahau ni siku mama alipokuja kunitembelea.

Mama alikuwa mchumaji. Yeye na baba walitoka upande wa Kisii kabla sijazaliwa kufuata kazi ya chai, na ruhusa ya kutoka shambani haikupatikana ovyo. Mwaka huo alikuja mara hiyo moja, na chapati kwenye kitambaa na viatu vilivyopakwa rangi siku hiyohiyo. Kiranja akampokea kwa mikono miwili. Akamkalisha kwenye kitanda chake mwenyewe, akamuuliza habari za safari, kisha akatabasamu.

"Mama, tumesikia wewe ni mtaalamu wa majani. Tafadhali tuonyeshe kidogo vile mnachumanga. Sisi hatujui."

Mama akanitazama, uso wake ukinawiri. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo. Akavua leso, akasimama mbele ya kitanda kilicholazwa ufagio tayari, na mikono yake ikaanza kwenda. Ilikwenda kweli, mpaka hutofautishi kidole na kidole.

"Nyinyi wasichana, hapana angalia majani," akawaambia. "Angalia mbele. Mkono inajua yenyewe."

Walicheka wakashikana mabega. Mama naye akacheka, akidhani ni furaha ya watoto. Mimi nilisimama na chapati mkononi nisiseme neno, kwa sababu ningesema angejua. Jioni ile niliapa mambo mawili: kwamba mama hatajua kamwe alichekwa, na kwamba yule msichana atalipa.

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilivuta kitu kingine. Nilikua, nikaongoza darasa, nikajifunza kunyamaza na kutabasamu. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba nina nidhamu. Tukikaa kwenye nyasi baada ya chakula, wenzangu wakipanga maisha, huyu chuo kikuu, yule Nairobi, mimi mipango yangu yote ilikuwa na uso wa mtu mmoja. Lakini kiranja akafanya mtihani wake akaondoka kabla sijamfanya lolote, na nikalia siku hiyo kuliko nilivyolia nikiwa mono.

Nilipoingia kidato cha tatu, mdogo wake akaletwa kidato cha kwanza. Sura ileile, mwanya uleule. Pale shuleni kila mono alipewa mama wa shule, msichana mkubwa wa kumwongoza. Nikaenda kwa metroni kumwomba yule awe wangu. Metroni akanisifu kwa moyo wangu.

Wenzangu walisubiri nimfunge kapu. Sikumfunga. Nilimfundisha hesabu, nikamgawia sukari, nikamkinga na kila mtu, mpaka akawa hali chakula bila mimi. Nilimtaka awe upande wangu. Alikuwa mtoto mwema, na hilo halikunizuia hata kidogo. Nilimweleza habari za mablanketi, jinsi dada yake alivyokuwa supavaisa. Habari za mama yangu sikumweleza yeye wala mwingine yeyote.

Siku ya wazazi ilipofika, dada mtu akaja. Alikuwa amevaa sketi iliyobana na viatu vya kisigino, akatuambia anasomea uhazili Kericho mjini. Nilimpokea kwa mikono miwili. Nikamkalisha kitandani kwangu, nikamuuliza habari za safari. Wasichana wa miaka ile waliokuwa wamebaki bwenini wakaanza kusogea, maana niliwaambia wasogee. Nikageuza sanduku langu la bati nikaliweka mbele yake.

"Dada, tumesikia wewe ni mtaalamu wa taipu. Tafadhali tuonyeshe kidogo vile mnapiganga. Sisi hatujui."

Alinyoosha mgongo. Akaweka vidole juu ya bati tupu, akaanza kupiga, akitueleza kwamba mtaalamu haangalii vidole. Ta-ta-ta-ta, kisha anavuta mkono kama anarudisha mashine upande. Kicheko kilianzia nyuma. Mdogo wake akacheka pia, kwa sauti, akiniegemea begani. Hapo dada mtu akainua macho, akamwona mdogo wake, akaniona mimi, na vidole vikasimama. Alielewa. Nilifurahi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mbona umeacha? Endelea, mwanangu."

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, leso imelowa mvua. Hakunitumia habari kwamba amepata ruhusa. Akapenya katikati ya wasichana, akamtazama yule msichana vizuri, na uso ukamnawiri tena.

"Si ni wewe uliniomba nionyeshe majani? Mimi nilionyesha wewe kazi yangu, na wewe leo unaonyesha kazi yako. Hiyo ni heshima."

Dada mtu sasa alikuwa kama ana kisu mkononi, na mimi ndiye niliyempa. Neno moja tu, mama, siku ile tulikuwa tunakucheka, na kila kitu nilichokilinda kingekwisha. Mimi katika nafasi yake ningelisema. Alinitazama, akaona ninavyomwogopa. Kisha akasimama.

"Ni heshima, mama," akasema taratibu. "Lakini mikono yangu mimi haijafika yako."

Mama akacheka kwa furaha. Akafungua kitambaa, akatoa chapati ya juu, ile ambayo siku zote nyumbani ilikuwa yangu, akampa. Alikula amesimama, machozi yakimdondoka, na mama akamwambia asilie, chuo ni kigumu mwanzoni kwa kila mtu.

Nilikuja kuwa mwalimu, kama nilivyosema siku ya kwanza. Mablanketi nilishamsamehe yule kiranja, nadhani. Lakini nilimngoja miaka miwili na zaidi, na kwa sentensi moja akawa ndiye aliyempa mama yangu heshima mbele ya watu, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Alininyang'anya kisasi changu mkononi, akakila pamoja na chapati. Hilo sijamsamehe.

Mama bado huniuliza yule msichana wa mashine alienda wapi, kwamba alikuwa na adabu sana. Mimi humjibu kwamba sijui. Najua vizuri sana alipo.