Askari Waliobaki kwenye Damu ya Mke Wangu

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake mlangoni, ananilaumu kwamba nimemfichia miwani. Ilikuwa kichwani mwake. Nilipomwonyesha, akasema basi mimi ndiye niliyeiweka huko. Alikuwa fundi wa sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa walivaa kazi ya mkono wake.

Kabla ya mchana kifua kikambana. Mimi na binti yetu tukamkimbiza hospitali, wakamtoa damu. Baadaye muuguzi akaniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kipimo kinaonyesha mama ana virusi vya Ukimwi.

Nikamwambia hapana, ni ile chanjo. Miaka ya nyuma, mdogo wake alipofariki kwa ugonjwa huo, mke wangu alijitolea kuchomwa chanjo ya majaribio. Watu wa utafiti walituambia mapema: ndani ya sindano hamna kirusi, ila mwili unafundishwa kutengeneza askari wa kupigana nacho. Kipimo cha haraka kikiwaona askari, kinadhani adui yupo. Ndiyo maana walimtaka apimwe kwao tu. Muuguzi akaniangalia kama mzee anayemfichia mkewe aibu. Akanipima na mimi. Sina kitu, na macho yake yakasema basi mama kautoa nje. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Binti yetu alisikia. Akauachia mkono wa mama yake, akanifuata mlangoni.

"Baba, una hakika?"

Nilikuwa na hakika na mke wangu. Hiyo sindano ndiyo sikuwahi kuielewa.

Kesho yake nikaenda kwa watu wa utafiti. Daktari wao akaja mwenyewe, akachukua damu kwa kipimo kinachomtafuta kirusi chenyewe. Jibu likatoka: hakimo, wala hakijawahi kuwemo. Nikamuuliza, basi chanjo ilifaa? Akasema hapana, waliisimamisha. Kirusi hubadili sura kila mara, na askari wanakitafuta kwa sura ya zamani. Sasa wanajaribu kuwafundisha askari hatua kwa hatua, na wameona dalili nzuri, lakini bado. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Askari wa kutosha kumchafulia mtu jina, wasiotosha kumlinda. Hilo mpaka leo haliniingii.

Binti yetu akarudi kando ya kitanda, akaushika tena ule mkono. Akamuuliza mama yake alipata faida gani na sindano isiyofanya kazi. Mama akamjibu. Jioni moyo ukamshinda, akatutoka.

Habari za kile kipimo cha kwanza zilifika mtaani, na majirani wengine bado wananong'ona. Najaribu kuwaeleza, nachanganya mambo, wananiacha nimalize kwa heshima tu. Binti yetu yeye haelezi. Anawaambia alichoambiwa na mama yake, neno kwa neno:

"Mwanangu, wamejua njia ile haipitiki, mwingine hawatampitisha hapo. Na wewe ukiulizwa habari zangu, usiinamishe kichwa."